Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili katika Makumbusho ya Baltimore

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili mjini Washington. Mwezi wa Oktoba baba yangu atakuja kunitembelea, nami nimemwahidi kwamba tutalala usiku mmoja Baltimore ili tupate siku mbili za kutazama makumbusho. Yeye amefanya kazi bandarini maisha yake yote, na mbele ya picha za kuchora huanza kupiga miayo baada ya dakika kumi. Mimi napenda picha kuliko kitu kingine chochote. Fedha zetu si nyingi. Naomba mtuchagulie, na mtuambie pia ni wapi tusipoteze muda. – Binti wa Mtu wa Bandari

JIBU: Baba yako hatapata shida Baltimore, kwa sababu mji huo una tabia moja ambayo si kila mji wa Marekani unayo: makumbusho yake mengi hayakujengewa majumba mapya, bali yamewekwa palepale ambapo kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika. Habari za viwanda utazisoma ndani ya kiwanda cha chaza, za reli ndani ya karakana ya reli, na za mabaharia ukiwa umesimama juu ya sitaha ya meli. Hata majumba mawili ya sanaa utakayoyatamani wewe, Walters Art Museum na Baltimore Museum of Art, yalijazwa kwa fedha zilizotokana na shughuli kama hizo, yaani reli, pombe kali na vitambaa. Kwa hiyo, badala ya kugawana siku, moja yako na moja ya mzee, nawashauri mfuate kazi kwanza na picha baadaye. Utakapozifikia picha utakuwa tayari unajua zililipiwa na nani.

Neno la kwanza ni kuhusu siku za juma. Majumba yote mawili ya sanaa hufungwa Jumatatu na Jumanne, na makumbusho mengine kadhaa ya mji huo hufanya vivyo hivyo. Niliwahi kupoteza Jumatatu nzima nikizunguka kutoka mlango mmoja uliofungwa hadi mwingine, nikaishia kutazama maji. Njooni Ijumaa na Jumamosi, na mthibitishe saa za kufungua siku moja kabla. Kutoka Washington pandeni treni ya MARC ya njia ya Penn, ambayo hufanya kazi hata mwisho wa juma. Mkishuka kituo cha Penn, kuna mabasi ya mji yasiyotozwa nauli, yaitwayo Charm City Circulator; yale ya njia ya zambarau hushuka na barabara ya Charles hadi bandari ya ndani.

Anzeni gatini, kwenye USS Constellation. Hii ni manowari ya matanga iliyoundwa mwaka 1854, ya mwisho kuundwa na Jeshi la Majini la Marekani kwa kutegemea upepo peke yake. Wenyeji wa Baltimore walidai kwa miaka mingi kwamba ndiyo ile Constellation ya zamani iliyoundwa mjini mwao mwaka 1797, na ubishi huo ulikuwa mkali, kwani mji ulikwisha kuichukulia meli hiyo kuwa mwanawe wa kumzaa. Ni uchunguzi wa wataalamu wa meli uliotolewa mwaka 1991 ndio uliomaliza maneno. Mwambie mzee ateremke polepole hadi sitaha ya chini, mahali mabaharia walipokuwa wakitundika machela zao za kulalia, akitazama jinsi dari ilivyo karibu na kichwa cha mtu mzima.

Lakini jambo lililonikalisha pale muda mrefu si ufundi wa seremala. Kati ya mwaka 1859 na 1861 meli hii ilikuwa kinara wa kikosi cha Marekani kilichopelekwa pwani ya magharibi ya Afrika kuzuia biashara ya watumwa, na mwezi Septemba 1860 iliikimbiza na kuikamata meli iliyoitwa Cora, ikiwa na watu 705 ndani yake, ambao badala ya kuvushwa bahari walipelekwa Liberia. Katika miaka hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka hapo ilipotia nanga leo, barabara ya Pratt ilikuwa na nyua za wafanyabiashara waliowafungia watu weusi kabla ya kuwapakia katika meli za kwenda New Orleans. Serikali moja ilikuwa ikikamata watumwa wa ng'ambo na kuwalinda wauzaji wa nyumbani, na yote mawili yalikuwa halali. Tikiti ya Constellation huuzwa pamoja na ya vyombo vingine vya gati za jirani: nyambizi Torsk, ambayo tarehe 14 Agosti 1945 ilizamisha meli za kivita za mwisho za Japani katika Vita vya Pili vya Dunia, na meli ya taa Chesapeake ya mwaka 1930, iliyokuwa ikikaa baharini badala ya mnara. Kama muda ni mfupi, ingieni Torsk tu, alimradi mzee havimbi magoti, kwa maana milango yake ni matundu ya mviringo ambayo mtu huyapita kwa kuinua mguu na kuinamisha kichwa kwa pamoja.

Ukiwa hapo usiache kuvuka upande wa mashariki hadi Fells Point, kwenye makumbusho madogo yaliyopewa majina ya Frederick Douglass na Isaac Myers. Douglass aliletwa Baltimore akiwa mtoto mtumwa, na alipokua alifundishwa kukalafati, kazi ambayo baba yako hatahitaji kuelezwa: kushindilia nyuzi za kamba kuukuu kati ya mbao za chombo kwa patasi na nyundo, kisha kuziba kwa lami moto ili maji yasipenye. Alikuja kulipwa dola moja na nusu kwa siku, na kila mwisho wa juma alimkabidhi bwana wake fedha zote. Septemba 1838 alivaa nguo za baharia, akachukua hati za kuazima, akadandia treni iliyokuwa inaondoka kwenda kaskazini, naye hakurudi tena akiwa mtumwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakalafati weusi wa mji huo walifukuzwa kazini kwa shinikizo la mafundi weupe. Ndipo Isaac Myers, mkalafati mwenzao, na washirika wake wakachangishana fedha na kufungua uwanja wao wenyewe wa kuundia na kutengenezea meli, ulioanza kazi mwaka 1868. Vitu vilivyoko ndani si vingi, ila mtu aliyewahi kushika patasi ya kalafati atavielewa kuliko profesa.

Mchana nendeni Baltimore Museum of Industry, upande wa kusini wa bandari. Kama ningelazimishwa kumchagulia mzee wako jumba moja tu, ningemchagulia hili. Jengo ni la mwaka 1865, nalo lilikuwa kiwanda cha kusindika chaza cha kampuni ya Platt, katika zama ambazo chaza wa ghuba ya Chesapeake walitiwa makoponi Baltimore na kusafirishwa kwa treni hadi miji ya bara ambako watu hawakuwahi kuiona bahari. Ndani kuna karakana ya mashine zinazozungushwa kwa mikanda ya ngozi itokayo katika mhimili mmoja wa darini, chumba cha washona nguo, duka la dawa, na mashine za kupigia chapa. Mwangalie fundi akiionyesha ile mashine ya kupanga herufi: anabonyeza vitufe, kalibu ndogo za shaba zinashuka moja moja na kujipanga mstari, risasi iliyoyeyushwa inamiminwa nyuma yake, na baada ya sekunde chache unadondoka mstari mzima wa maneno, ung'aao na wa moto, usioweza kushikwa kwa vidole. Nje, majini, imefungwa tagi ya mvuke, chombo cha kuvuta meli, ya mwaka 1906 iitwayo Baltimore. Jirani kabisa kiwanda cha sukari cha Domino, kilichofunguliwa mwaka 1922, bado kinapokea sukari ghafi kwa meli, hivyo mzee akichoka na mambo ya kale anaweza kusimama ukingoni na kutazama kazi ya leo.

Malizieni siku hiyo Fort McHenry. Ngome hii iko chini ya idara ya hifadhi za taifa, wenye umri wa chini ya miaka 16 hawalipi, na uwanja wake wa nje ni bure kwa wote. Kiingilio ni cha kuingia ndani ya boma. Tarehe 13 na 14 Septemba 1814 manowari za Uingereza ziliipiga kwa makombora kwa muda wa saa 25, na Francis Scott Key, mwanasheria aliyekuwa ndani ya chombo nje ya bandari, alipoiona bendera bado inapepea asubuhi, aliandika beti ambazo mwaka 1931 zilifanywa kuwa wimbo wa taifa wa Marekani. Bendera yenyewe haipo hapo. Iko Washington, na bila shaka umekwisha kuiona. Iliyobaki Baltimore ni nyumba ya mshonaji wake, Mary Pickersgill, kwenye barabara ya Pratt, nayo inastahili nusu saa, hasa kwa kuwa siku hizi inamtaja pia Grace Wisher, msichana mweusi aliyekuwa mwanafunzi wa kazi wa Pickersgill na ambaye mkono wake umo katika mishono ile.

Ngomeni zungukeni ukuta wa baharini kwa miguu. Upande wa kusini-mashariki, lilipokuwa daraja lililoitwa jina la huyohuyo Key, meli ya makontena Dali ilipoteza umeme usiku wa tarehe 26 Machi 2024, ikagonga nguzo, na daraja zima likaanguka. Wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara walipoteza maisha, na mkondo mkuu wa bandari haukufunguliwa kikamilifu hadi mwezi Juni. Hapo hakuna tikiti wala maelezo ukutani, lakini nadhani baba yako atasimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Siku ya pili asubuhi ni ya reli. Makumbusho ya B&O (yaani reli ya Baltimore and Ohio) yako Mount Clare, magharibi mwa katikati ya mji, na moyo wake ni karakana ya mviringo ya mwaka 1884 yenye pande 22, iliyojengwa kwa ajili ya kutengenezea mabehewa ya abiria. Katikati ya sakafu kuna sahani kubwa ya chuma iliyobeba kipande cha reli. Behewa huingizwa juu yake, sahani inazungushwa, na behewa linaelekezwa katika njia yoyote litakayopangiwa. Juu, mwanga unashuka kutoka katika kuba la mbao na chuma kama ndani ya hekalu. Februari 2003 theluji nzito iliporomosha karibu nusu ya paa hilo juu ya vichwa vya treni vya kale vilivyokuwa chini yake, na makumbusho hayakufunguliwa tena hadi Novemba 2004. Kampuni ya Baltimore and Ohio ilipewa hati mwaka 1827. Jiwe lake la kwanza liliwekwa tarehe 4 Julai 1828 na Charles Carroll, mtu wa mwisho aliyekuwa hai kati ya waliotia saini Azimio la Uhuru, na mwaka 1830 ilianza kuchukua abiria. Sababu ya haraka hiyo ilikuwa bandari: New York ilikuwa imekwisha kuchimba mfereji wa Erie na kuvuta mizigo ya bara, na wafanyabiashara wa Baltimore waliona wazi kwamba bila njia ya kuvuka milima gati zao zingebaki tupu.

Mchana ni wako. Walters Art Museum, mtaa wa Mount Vernon, haitozi kiingilio. William Walters alitajirika kwa biashara ya nafaka na pombe kali kisha kwa reli, na mwanawe Henry alinunua vitu kama mtu mwingine anunuavyo magazeti. Alipofariki mwaka 1931 aliuachia mji zaidi ya vitu 22,000, vingi vikiwa bado ndani ya makasha. Usijaribu kuona kila kitu. Pitia Misri ya kale, kisha uende kwenye sanaa ya Ethiopia, ambayo hapa ni mojawapo ya mikusanyo mikubwa kabisa iliyo nje ya nchi hiyo: misalaba ya maandamano, picha takatifu zilizochorwa juu ya mbao, na vitabu vya Injili vilivyoandikwa kwa Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, juu ya ngozi, mojawapo kikiwa Injili ya monasteri ya Gunda Gunde ya karne ya 16. Vitabu vya ngozi havianikwi mwaka mzima, kwa sababu mwanga hula rangi, basi uliza mapokezini kipi kiko nje. Sogelea nyuso zilizochorwa humo: macho ni makubwa, yameelekezwa pembeni, na baada ya muda unapata hisia kwamba wewe ndiye unayetazamwa.

Mzee akiwa hajapiga miayo, pandeni basi la zambarau kurudi juu hadi Baltimore Museum of Art, karibu na chuo kikuu cha Johns Hopkins, nako pia ni bure. Akiwa amechoka, mwache akae Mount Vernon chini ya mnara wa Washington, uliokamilika mwaka 1829 na ambao ni wa zamani kuliko ule mnaoujua ninyi, nawe nenda peke yako. Huko kuna mkusanyo wa madada wawili, Claribel na Etta Cone, ambao ndugu zao walikuwa na viwanda vya vitambaa vya dangirizi huko North Carolina. Walinunua kazi za Matisse, mchoraji wa Ufaransa, wakati jamaa na marafiki wakiwacheka. Claribel, aliyefariki mwaka 1929, alimwachia Etta picha zake na kupendekeza kwamba makumbusho ya mji yapewe endapo tu Baltimore ingejifunza kuthamini sanaa ya kisasa. Yaani hata katika wosia alikuwa bado anaupima mji. Etta aliendelea kununua, na mwaka 1935, Matisse alipokuwa akichora mwanamke wa rangi ya waridi aliyejinyoosha, alimtumia picha 22 za kamera zikionyesha hatua kwa hatua jinsi alivyokuwa akifuta na kurudia. Mwaka 1949 vyote viliingia katika jumba hili, ambalo leo lina kazi zaidi ya 1,000 za Matisse.

Mambo ya kuacha: nyumba ya Edgar Allan Poe ni ndogo, na isipokuwa kama mmoja wenu anampenda mwandishi huyo, vyumba vitupu havitawaambia mengi. Tangisamaki kubwa ya bandarini ni nzuri, lakini si makumbusho, na bei yake itameza bajeti yenu yote ya siku mbili.

SWALI: Tunaishi Maryland na tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Mwalimu wa mkubwa amependekeza makumbusho ya sanamu za nta ya watu weusi mashuhuri. Je, yanawafaa, au yatawatisha? – Wazazi Wenye Wasiwasi

JIBU: Wa miaka 10 anaweza kwenda akiwa ameandaliwa, wa miaka 7 ningemwacha kwa sasa. National Great Blacks in Wax Museum, iliyoko North Avenue, ilianzishwa mwaka 1983 na Elmer na Joanne Martin, mume na mke, ambao mwanzoni walizungusha sanamu chache tu katika mashule na makanisa. Leo zimezidi 100. Nyingi humfurahisha mtoto: kuna Henry Brown akichomoza ndani ya kasha, yule aliyejituma kwa njia ya vifurushi mwaka 1849 kutoka Richmond hadi Philadelphia ili awe huru, na mtoto yeyote atataka kujua alipumua vipi. Tatizo ni sehemu mbili. Moja ni mfano wa tumbo la meli ya watumwa, ambamo mnashuka na kuwakuta watu wa nta wamefungwa minyororo. Nyingine ni chumba cha mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu, ambacho hakifichi kitu. Mimi siwalaumu waanzilishi kwa kutoficha. Lakini mzazi aingie peke yake kwanza, aone, kisha aamue kama mtoto wake avuke mlango huo au azungukie upande wa pili.

Mdogo mpelekeni American Visionary Art Museum, barabara ya Key Highway, iliyofunguliwa mwaka 1995 kwa ajili ya kazi za watu ambao hawakusomea sanaa: wakulima, wagonjwa, wafungwa, wastaafu. Kuta zake za nje zimefunikwa kwa vipande vya vioo vilivyopangwa na vijana wa mji huo, na uani kunasimama kinu kikubwa cha upepo kilichobuniwa na Vollis Simpson, fundi wa mashine za shambani, ambacho vitu vyake vyote huzunguka upepo ukija. Tafuteni meli Lusitania iliyoundwa kwa vijiti vya kuchokolea meno, yenye urefu wa karibu mita 5. Mwambieni mtoto akisie idadi ya vijiti kabla ya kusoma kibao. Mtapata dakika kumi za utulivu. Vyumba vichache huwa na kazi za watu wazima, kwa hiyo tangulieni hatua mbili.

SWALI: Rafiki yangu ananiambia kwamba Baltimore kuna picha ya Renoir, mchoraji wa Ufaransa, iliyonunuliwa kwa dola 7 katika soko la mitumba. Je, ni kweli au ni porojo? – Msiyeamini

JIBU: Picha ni ya kweli, dola 7 ni maneno ya mtu aliyekutwa nayo. Ni mandhari ndogo ya ukingo wa mto Seine, na iliibwa katika Baltimore Museum of Art mwezi Novemba 1951 ilipokuwa imeazimwa humo kwa maonyesho. Kwa miaka 60 haikusikika. Mwaka 2012 mwanamke mmoja wa Virginia aliipeleka kwenye nyumba ya mnada, akisema aliipata ndani ya kasha la vitu vya ovyo sokoni huko West Virginia. Siku chache kabla ya mnada, mwandishi wa gazeti alipekua majalada katika maktaba ya makumbusho hayo na kukuta kumbukumbu kwamba picha iliwahi kuazimwa hapo. Ikapatikana na taarifa ya polisi ya wakati ule, mnada ukasimamishwa, na Januari 2014 hakimu akaamuru irudishwe. Kampuni ya bima, ambayo kwa sababu ya fidia iliyokwisha kulipa ingeweza kudai picha ni mali yake, ililiachia jumba haki hiyo. Ukienda kuitafuta usitazame kuta kubwa, maana ina upana wa sentimita 23 tu. Ulizia ilipotundikwa, kwa sababu wageni wengi huipita bila kuiona.